Dondoo muhimu: Kuunganisha programu ya duka na SQLite

Kwa duka la Magomeni lenye kompyuta moja kaunta, SQLite inatosha: hifadhidata nzima ni faili moja, haitaki seva, na ni bure.

1. Weka faili kwenye folda ya mtumiaji. Ndani ya Program Files, kwa kawaida Windows huzuia programu kuandika.
2. Usiandike "C:\" kwenye msimbo. Linux haiijui.
3. Pitisha majina ya bidhaa kwa vigezo: alama ya ' iliyo katika "ng'ombe" huvunja amri ya SQL iliyotungwa kwa kuunganisha maandishi. Mwenye bucha huligundua kosa hili siku ya kwanza!
4. Fungia kila mauzo ndani ya muamala mmoja. Umeme ukikatika, risiti haibaki nusu.
5. Usinakili faili likiwa linatumika. Kupata nakala, tumia amri ya VACUUM INTO.
6. Duka likiwa na tawi, tuseme Kariakoo, linalotaka kuandika kwenye hifadhidata hiyohiyo kupitia mtandao, hamia hifadhidata yenye seva kama PostgreSQL.