Mzee Hasikii au Amesahau? Shimesikio na Msaada wa Mawasiliano kwa Wazee Wenye Upungufu wa Utambuzi

Utangulizi

Chukuliwe mfano wa mzee mwenye umri wa miaka 78 anayefikishwa kliniki na bintiye. Binti anaeleza kwamba baba amekuwa msahaulifu, hajibu anachoulizwa, na siku hizi hujitenga hata wageni wanapokuja. Mhudumu, akiwa ameinamia jalada, anauliza, “Babu, leo ni siku gani?” Mzee anatabasamu na kujibu, “Nimekula, mjukuu wangu.” Jibu hilo linahesabiwa kuwa kosa, na maswali yanayofuata yanaishia vivyo hivyo. Mazungumzo yanapokwisha, jina la ugonjwa limekwisha kuandikwa, ilhali hakuna aliyetazama ndani ya masikio ya mzee huyo.

Somo hili linaeleza jinsi usikivu na utambuzi unavyohusiana, namna ya kuvipima, matumizi ya shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, na mbinu za kuzungumza na mzee mwenye matatizo yote mawili. Hoja yake kuu ni kwamba usikivu uangaliwe kabla ya kupima kumbukumbu, na kifaa kikitolewa, awepo mtu wa kukisimamia.

Uhusiano wa usikivu na utambuzi

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa usikivu, na takriban milioni 430 kati yao wanahitaji huduma za utengamao. Zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wameathirika kwa kiwango kinachotatiza maisha yao. Dimensia nayo si ugonjwa wa nchi za mbali. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikadiria kuwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa nayo. Kwa kuwa hali zote mbili huongezeka kadiri umri unavyosonga, ni jambo la kawaida kuzikuta kwa mtu mmoja.

Upungufu wa usikivu wa uzeeni huanza na sauti nyembamba. Seli zenye vinyweleo zilizo mwanzoni mwa koklea, kiungo chenye umbo la konokono katika sikio la ndani, huchakaa kwanza. Kwa hiyo mzee huendelea kusikia irabu, ambazo ni sauti nzito zenye nguvu, lakini hupoteza konsonanti kama s, f, sh, t, k na p. Kwake maneno “shika”, “fika” na “pika” yanaweza kuwa neno moja. Ndiyo sababu wazee wengi husema, “Nasikia, ila sielewi.” Kauli hiyo si dalili ya kuchanganyikiwa, bali ni maelezo sahihi ya tatizo lenyewe.

Ubongo usiopata maneno kamili hulazimika kukisia. Nguvu inayotumika kukisia ni ile ile ambayo ingetumika kuelewa na kukumbuka. Zaidi ya hayo, mtu aliyechoka kukisia hujitenga, na upweke wenyewe hudhoofisha utambuzi. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, katika ripoti zake za mwaka 2017, 2020 na 2024, limeutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa visababishi hatarishi vya dimensia vinavyoweza kushughulikiwa.

Je, shimesikio huzuia dimensia? Jibu linahitaji uangalifu. Utafiti wa ACHIEVE uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 ulihusisha wazee 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84, waliofuatiliwa kwa miaka 3. Kwa washiriki wote kwa jumla, huduma ya usikivu haikuleta tofauti katika kasi ya kushuka kwa utambuzi. Hata hivyo, katika kundi lililokuwa na visababishi hatarishi vingi zaidi, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Washiriki hao hawakuwa na dimensia walipoanza. Kwa hiyo haifai kumwahidi mgonjwa wala familia kwamba kifaa kitarudisha kumbukumbu zilizopotea. Kinachoweza kuahidiwa ni nafasi bora ya kusikia, kushiriki na kuelewana na watu wa nyumbani.

Uchunguzi: masikio kwanza

Katika zahanati au kituo cha afya, hatua zifuatazo hazihitaji vifaa vya gharama.

1. Kuangalia sikio kwa otoskopu. Nta iliyoziba ni kisababishi cha kawaida kwa wazee, na huondolewa siku hiyo hiyo au baada ya kulainishwa kwa matone kwa siku chache. Sikio linalotoa usaha au lenye kiwambo kilichotoboka lisitiwe matone ya kulainisha nta wala kuoshwa kwa maji. Familia ielezwe kutotumia njiti, vijiti vya pamba wala unyoya wa kuku.

2. Kuuliza kuhusu dawa. Gentamaisini, amikasini, kwinini, na furosemaidi kwa dozi kubwa ni miongoni mwa dawa zinazoweza kudhuru usikivu.

3. Kipimo cha mnong’ono. Mpimaji husimama nyuma ya mzee kwa umbali wa urefu wa mkono, sikio la pili likiwa limezibwa, kisha hunong’ona. Kwa mwenye usahaulifu, litumike neno moja moja badala ya mfululizo wa namba, ili kipimo cha sikio kisigeuke kuwa kipimo cha kumbukumbu.

4. Rufaa kwa mtaalamu wa usikivu. Wazee wengi wenye dimensia ya awali au ya wastani huweza kukamilisha kipimo cha audiogramu wakipewa maelekezo mafupi na muda wa kutosha. Utambuzi hafifu si sababu ya kumnyima mtu kipimo hicho.

Vipimo vingi vya utambuzi hutegemea sikio. Hata kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa kuzingatia wazee wa Hai wasiojua kusoma, kina orodha ya maneno 10 ambayo mzee huyasikia na baadaye kuyakumbuka. Neno ambalo halikusikika haliwezi kukumbukwa. Ikiwa hakuna kifaa cha kukuza sauti, stetoskopu inatosha kwa muda: ncha zilizosafishwa huwekwa masikioni mwa mzee, na mhudumu huzungumza kwa sauti ya chini kwenye kichwa cha stetoskopu. Kisha iandikwe katika jalada jinsi mzee alivyosaidiwa kusikia wakati wa kipimo.

Turejee kwa mzee wa mfano wetu. Nta inatolewa katika masikio yote mawili, stetoskopu inatumika, naye anataja siku, mwezi na jina la mwenyekiti wa kijiji bila kusita. Hata hivyo, maneno aliyopewa dakika chache zilizopita hayakumbuki. Usahaulifu upo kweli, ila si mkubwa kama ulivyodhaniwa, na sasa unaweza kupimwa kwa haki. Binti naye anatambua kuwa baba hakuwa akimpuuza.

Kuishi na shimesikio

Shimesikio itolewe mapema, mzee akiwa bado na uwezo wa kujifunza mazoea mapya. Ivaliwe saa chache kwa siku mahali patulivu, kisha muda uongezwe taratibu kwa wiki kadhaa. Sauti za vyombo na nyayo zitamsumbua mwanzoni, kwa kuwa ubongo umezisahau.

Mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu la kifaa na afundishwe pamoja na mzee. Alama nyekundu ni ya sikio la kulia, na ya bluu ni ya kushoto. Kifaa kikifumbatwa kiganjani kikiwa kimewashwa hupiga mluzi. Kisipopiga, betri au mrija uangaliwe. Betri za zinki zinazotumia hewa huanza kazi kibandiko kikibanduliwa, na huachwa wazi kwa dakika moja hivi kabla ya kuwekwa. Usiku kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi, na kiwekwe ndani ya kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu, hasa katika maeneo ya pwani. Kopo likae mahali pale pale kila siku, na kuvaa kuambatane na jambo lililozoeleka, kama vile chai ya asubuhi. Uzi wenye klipu unaoshikizwa kwenye nguo huzuia kifaa kupotea. Ushungi, kilemba au kofia inayobana sikio inaweza kusababisha mluzi au mkwaruzo, hivyo ilegezwe.

Tahadhari: betri hizi ni ndogo, na mzee aliyechanganyikiwa au mjukuu anaweza kuzimeza. Betri ikimezwa, mtu apelekwe hospitali mara moja.

Kwa asiyeweza kuvumilia shimesikio, kikuza sauti cha mkononi chenye vipokea sauti vya masikioni ni rahisi zaidi, nacho kinafaa kuwepo wodini na kwenye dirisha la wazee.

Namna ya kuzungumza

Kifaa hukuza sauti. Kuelewa humtegemea pia anayezungumza. Radio au televisheni izimwe. Mzungumzaji akae mbele ya mzee kwa umbali wa mita moja, uso ukiwa kwenye mwanga, amsalimu na kusubiri amtazame. Aseme taratibu, kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, bila kupiga kelele, kwa sababu kelele hupotosha maneno na huonekana usoni kama hasira. Mzee asipoelewa, maneno yabadilishwe: “Utakunywa nini?” iwe “Chai au uji?”, huku kikombe kikionyeshwa. Maelekezo ya dawa yasemwe, yaonyeshwe kwa vidonge vyenyewe, kisha mzee aombwe kuyarudia kwa maneno yake. Baadhi ya wazee wenye dimensia hurejea lugha yao ya kwanza. Anayeijua aitwe asaidie.

Maneno mawili yaepukwe nyumbani: “Nimeshakwambia” na “Basi, acha tu.” La kwanza humwaibisha mzee, na la pili humtoa katika mazungumzo.

Hitimisho

Mzee anayejibu visivyo apewe kwanza nafasi ya kusikia swali. Masikio yasafishwe, sauti ikuzwe, mwanga uelekezwe usoni mwa anayeuliza, ndipo kumbukumbu ipimwe. Mahudhurio ya baadaye nayo yaanze kwa kukagua kifaa: je, kinavaliwa, kinafanya kazi, na nani anakitunza? Kifaa kilichofungiwa kabatini hakimsaidii mtu, na familia isiyofundishwa isilaumiwe kwa hilo.