Hedhi: Mlango wa Fiqhi Tunaouruka



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilisaidia kufundisha mabinti katika madrasa ya mtaani kwetu, hapa Uganda. Alikuwepo binti mmoja wa miaka 13, hodari wa kuhifadhi Qur'ani, ambaye ghafla alianza kukaa nyuma na kusinzia. Midomo yake ilikuwa imepauka, na akitembea kidogo tu anahema. Nilimvuta kando nikamwuliza taratibu. Akaninong'oneza kwamba yuko mwezini. Tangu lini? Siku ya 19. Siku zote hizo hakuwa ameswali hata rakaa moja, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, kwa sababu aliambiwa mambo hayo hayasemwi.

Tulikwenda naye kituo cha afya pamoja na mama yake. Alikutwa na upungufu wa damu. Akatibiwa, na alhamdulillah sasa amerudi kukaa mstari wa mbele.

Mimi nilibaki na aibu yangu. Kitabu cha fiqhi tunachosomesha kina mlango wa hedhi. Tulipoufikia, niliwaambia mabinti, "Huu mtausoma mkiwa wakubwa," nikafungua mlango wa swala. Lau ningeufundisha, binti yule angejua kwamba damu iliyopita siku 15 si jambo la kunyamazia. Somo hili ni deni langu kwake.

Haya haikuwazuia wanawake wa Ansari

Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Alikuwa na sababu. Mmoja wao, Asmaa, alimwuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuoga baada ya hedhi. Mtume akamweleza, na alipofika kwenye jambo la siri zaidi, Bibi Aisha akamvuta mwanamke yule pembeni akamfafanulia. Tazama adabu hiyo: swali halikukemewa, haya ikalindwa, na elimu ikafika.

Katika safari ya Hijja, Bibi Aisha mwenyewe aliingia hedhini akalia. Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwamba hilo ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, akamwambia afanye yote afanyayo mwenye kuhiji isipokuwa kutufu. Nyumbani, Mtume alikunywa pale pale alipokunywa mkewe akiwa hedhini, na aliegemea mapajani pake akisoma Qur'ani. Wakati huo walikuwepo majirani wa Madina waliokuwa hawali chakula pamoja na mwanamke mwenye hedhi. Suratul Baqara aya ya 222 inakataza tendo la ndoa katika siku hizo. Haikumfukuza mwanamke mezani wala jikoni.

Basi binti anayeambiwa asiguse chakula au asikae na wenzake, hilo ni la mila. Dini haikuliamrisha.

Fiqhi inasemaje?

Kwa madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, binti anaweza kuanza kupata hedhi tangu miaka 9 ya hijria. Muda mchache kabisa wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, ulio wa kawaida ni siku 6 au 7, na mrefu kabisa ni siku 15. Kati ya hedhi mbili, tohara haipungui siku 15.

Katika siku hizo haswali wala hafungi. Swala halipi, lakini siku za Ramadhani atazilipa. Dua, adhkari, kumswalia Mtume na kusikiliza Qur'ani vyote ni vyake. Damu ikikatika, anaoga kwa nia, maji yafike mwili mzima na mashina ya nywele, kisha anaswali bila kuchelewa.

Damu ikivuka siku 15, hapo imeingia istihadha. Fatima bint Abi Hubaysh alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu damu isiyokatika, akaelezwa kwamba hiyo inatoka kwenye mshipa na si hedhi: aache swala siku za hedhi yake, zikipita aoge na aswali. Mwenye istihadha hujisafisha, huvaa kizuizi kama pedi, na hutia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Mwenye desturi inayojulikana huirudia desturi yake. Aliyeanza karibuni amwulize mwalimu wake, kwani huenda akawa na swala za kulipa.

Daftari moja, faida mbili

Sasa dada yangu, utaijuaje desturi yako kama huiandiki? Chukua daftari dogo. Andika tarehe damu ilipoanza, ilipokatika, na kama ilikuwa nyingi au kidogo. Mwalimu wa fiqhi atakuuliza hayo hayo, na daktari atakuuliza hayo hayo.

Kwa binti anayeanza, mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 hadi 45, na miaka ya mwanzo unayumba. Hilo peke yake si ugonjwa. Damu kwa kawaida hutoka siku 2 hadi 7. Nenda kituo cha afya ikiwa inapita siku 7 mara kwa mara, ikiwa pedi inajaa kila saa moja au mbili, ikiwa unaona kizunguzungu na kuishiwa pumzi, au ikiwa umefika miaka 15 na hujaona chochote. Usisubiri zile 15 za fiqhi: hizo ni mpaka wa hukumu ya ibada, na mwili unaweza kuomba msaada mapema zaidi.

Maumivu ya tumbo ya kiasi ni kawaida. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa husaidia, na mfamasia anaweza kukushauri dawa. Lakini maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi ukakosa masomo yaonwe na daktari. Usikubali kuambiwa "ndivyo wanawake walivyo". Kula vinavyorudisha damu: maini, mukene, maharage, dodo, pamoja na chungwa au ndimu. Chai iache kwanza, usiinywe pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Usafi

Badilisha pedi kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Dada mmoja wa hosteli alinifundisha hila nzuri: siku hizo hatuswali, lakini adhana bado tunaisikia, basi ikiadhiniwa, nenda kajiangalie.

Kitambaa si aibu, mradi kiwe cha pamba, safi na kikavu. Kifue kwa sabuni na maji safi, kisha kianike juani. Wengi wetu tunakificha chini ya godoro, kinabaki na unyevu, na ndipo miwasho inapoanza. Ukiona haya, kianike juani na ukifunike kwa kanga nyepesi. Jisafishe nje kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Ndani hapahitaji sabuni wala manukato. Osha mikono kabla na baada, na pedi iliyotumika izungushie karatasi uitupe kwenye pipa, si chooni.

Kaka zetu na jumuiya yetu

Akhi, usiuruke ukurasa huu kama nilivyouruka mimi ule wa kitabu. Una dada, na inshallah utakuwa na binti. Ukimwona dada anakunywa maji mchana wa Ramadhani, usimhoji wala usimcheke. Na mkipanga bajeti ya msikiti wa chuo, kumbukeni choo cha wanawake: maji, sabuni, komeo mlangoni na pipa lenye mfuniko.

Kwa Waganda, kazi ya kumfunda binti ilikuwa ya ssenga, shangazi yake, kama kungwi na somo huko pwani. Leo binti yuko bweni na ssenga yuko mbali. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2017, lakini wapo wasichana ambao nyumbani kwao bei bado ni sukari ya wiki nzima. Napendekeza safari zetu za da'wa za likizo zibebe mambo matatu: somo hili, likifundishwa na dada kwa mabinti kuanzia miaka 9, pedi za kitambaa tulizoshona wenyewe, na daftari dogo kwa kila binti.

Binti yule tayari ana lake. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake: siku 6, ameoga, ameswali Alasiri.

Allah atupe elimu yenye manufaa na aifanye haya yetu iwe pambo, isiwe pazia la ujinga. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Dada yenu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Masomo ya Kiislamu