Lebo ya Mfuko wa Koltani: Kwa Wachimbaji, Wanunuzi wa Madini na Maofisa Manunuzi

Ndani ya simu na kompyuta mna vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, viitwavyo kapasita. Baadhi yake, vidogo na vinavyostahimili joto, hutengenezwa kwa tantali, metali inayopatikana katika madini ya koltani. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa kwa mikono mashariki mwa Kongo na nchini Rwanda, na kwa miaka mingi fedha zake zimegharamia vita. Kijitabu hiki kinaeleza ni wapi fedha hizo zinaweza kuzuiwa.

Lebo inavyofanya kazi

Mfuko ukitoka shimoni, ofisa wa serikali (nchini Kongo ni wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo) huupima, huandika kwenye daftari jina la shimo, tarehe na kilo, kisha hufunga mdomo wake kwa lebo ya plastiki yenye namba. Lebo hiyo haitoki mpaka ikatwe. Mnunuzi wa kati akiufungua ili aoshe mchanga au auchanganye na wa mashimo mengine, lebo nyingine hufungwa, na namba za zamani huandikwa kando ya namba mpya. Kwa namba hizo mkaguzi anaweza kurudi nyuma hadi shimoni.

Kazi hiyo lazima ifanyike kabla madini hayajafika kiwanda cha kusafishia. Yakishasafishwa, tantali ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haitofautiani na ya Australia, na hakuna awezaye kuitambua ilikotoka. Viwanda hivyo ni vichache duniani, ndiyo maana ukaguzi wa kimataifa umeelekezwa huko.

Lebo inapodanganya

Lebo za magendo zipo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kuziripoti mara kadhaa. Mnaofanya kazi machimboni ndio mnaoziona kwanza. Shimo lenye watu wachache linaandikiwa tani nyingi. Ofisa anatembea na lebo tupu mfukoni, au anazifunga mjini, usiku, dukani kwa mnunuzi. Mkiona hayo, koperativa iandike tarehe, namba za lebo na uzito, na taarifa ipelekwe na viongozi kwa pamoja. Asitumwe mtu mmoja peke yake. Kuna waliodhurika kwa kusema.

Mahali palipotekwa na kundi lenye silaha, lebo haina la kusaidia. Rubaya, moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba kundi hilo lilitoza ushuru wa madini, na kwamba mzigo ulivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Mnunuzi anayepokea mzigo wa eneo kama hilo analipia vita, hata karatasi zake ziwe safi namna gani.

Kukimbia si kuwajibika

Sheria ya Marekani ya 2010 ilizitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake. Kampuni nyingi zikaona rahisi kuacha kabisa kununua huko. Septemba mwaka huohuo serikali ya Kongo nayo ilisimamisha uchimbaji Kivu na Maniema hadi Machi 2011. Walioumia zaidi ni familia za wachimbaji, ambazo ada ya shule na dawa zao zilitoka shimoni. Tunasisitiza: mnunuzi mwadilifu hubaki, hukagua, hudai marekebisho kwa muda uliowekwa, na huondoka pale tu yanapokataliwa au silaha zinapotawala. Mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) kuhusu madini ya maeneo ya vita unaelekeza vivyo hivyo.

Kobalti ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, inayoingia kwenye betri, haimo katika orodha ya madini manne ya sheria hiyo ya Marekani, ingawa watoto wamekutwa wakiiokota na kuiosha. Usiiache nje ya maswali yako.

Kwa ofisa manunuzi

Shule, hospitali au halmashauri inaponunua kompyuta kwa zabuni, iongeze sharti moja: mzabuni awasilishe orodha ya viwanda vilivyosafisha tantali, bati, tungsteni, dhahabu na kobalti ya vifaa hivyo, na aonyeshe ni vipi kati ya hivyo vimekaguliwa na watu huru. Kampuni nyingi kubwa zinazouza hisa Marekani hutaja viwanda vinavyosafisha madini yao katika taarifa za kila mwaka, kwa hiyo hilo si ombi geni kwao. Mzabuni akijibu kwamba ni siri ya biashara, mpunguzie alama na uandike sababu kwenye jalada la zabuni.