SOMO LA MWEZI: Mtoto Aliyecheka na Bakuli

Majuma matatu yaliyopita tulimzika mtoto wa mwenzetu kikundini. Alikuwa na miaka 4. Jina lake hatuliandiki hapa, mama ameomba hivyo, lakini sisi tunalitaja kila Alhamisi tukikutana.

Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na baadaye daktari akasema ana mtindio wa ubongo. Shingo haikukaza na hakusema neno. Lakini alitujua! Tukihesabu pesa za merigoraundi, sarafu zikilia kwenye bakuli, alicheka mpaka mate yakamtoka, nasi tukazoea kuzitikisa makusudi. Mweka hazina alilalamika kwamba tunampoteza hesabu.

Kilichomwondoa ni nimonia, ile wengine huita kichomi. Pale matangani watu walimwambia mama, "Afadhali amepumzika, na wewe utapumzika." Hata baadhi yetu tulisema hivyo. Mama alitujibu baadaye, "Mimi sikuwa nimechoka naye." Tuliona haya. Alhamisi iliyofuata tulienda kwake, tukamwomba atusimulie habari za mtoto tu. Alisimulia hadi jioni, chai ikapoa.

Sasa mambo ya afya, maana wako watoto wengine wawili kama yeye hapa kwetu. Mtoto asiyeshika shingo humeza kwa taabu. Akilishwa amelala chali, uji unaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Mlishe ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Tumia kijiko kidogo, na ungoje ameze kwanza. Uji uwe mzito kidogo, si maji maji. Akishiba, abaki wima kama nusu saa. Apate pia chanjo ya nimonia, ambayo watoto wa Kenya wanapewa tangu 2011. Ulemavu si sababu ya kumwacha nyumbani. Mtoto wetu alichanjwa, kwa hivyo msidhani chanjo peke yake inatosha.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunywa, msingoje kupambazuke.

Sisi tulingoja. Mama alibisha kwa jirani usiku, tukamwambia avumilie mpaka matatu ya kwanza. Pesa zilikuwako kwenye sanduku, lakini ufunguo mmoja ulikuwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ng'ambo ya mto. Siku hizi kuna mkebe wa wagonjwa usio na kufuli, nyumbani kwa mama huyo huyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuutunza.

Jadilianeni kikundini: Ni nani kati yenu ana mtoto ambaye haletwi mkutanoni, na kwa nini? Saa nane ya usiku, ni nani kwenu anaweza kutoa pesa ya gari bila kuuliza mtu?