Eliya Chini ya Mretemu
Somo: 1 Wafalme 19:1–21

Mpendwa, wengi wetu tunaamini stresi ni imani haba, au ni pepo. Basi aliyeelemewa ananyamaza, na aibu inakuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka Karmeli. Yezebeli akamtisha, akakimbia, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? La!

1. Alimwacha alale, akamlisha mara mbili.
2. Alimsikiliza mpaka akasema yote.
3. Alimrudisha kazini, akampa Elisha wa kumsaidia.

Sisi wa Ramisi tunaijua mizigo. Kiwanda cha zamani cha sukari kilipofungwa 1988, riziki nyingi zilikatika. Kulemewa si dhambi. Lakini ukiamini umekwisha, hutanyoosha hata mkono kuomba msaada.

Ukikosa usingizi, hamu ya chakula na tumaini kwa wiki 2, mwambie mchungaji, na uende hospitali ya Msambweni. Ukiwaza kufa, usingoje hata siku moja. Maombi na dawa havigombani.

Zoezi la wiki: Nani jirani yako amenyamaza siku hizi? Mpelekee chakula, umsikilize. Mahubiri baadaye.