Usukani wa Land Rover Yetu

Mhariri alipobandika tangazo la kutaka makala za muhula huu, wenzangu wa Chama cha Ufundi walinisukuma niandike habari za usukani wa gari la shule, wakisema kwamba aliyeharibu ndiye ajuaye kueleza. Sikupendezwa na neno hilo, lakini ni kweli, nami nitasema yote.

Gari letu ni Land Rover Series IIA, aina iliyotengenezwa tangu 1961 hata 1971. Nalo ni lile refu, ambalo toka kitovu cha gurudumu la mbele hata cha gurudumu la nyuma ni inchi 109, yaani mita 2.77 hivi. Huleta mahindi, hupeleka wagonjwa hospitali, na siku za mashindano hubeba wachezaji. Mwaka jana lilianza kuyumba. Dereva alikuwa hana budi kuuchezesha usukani huku na huku hata katika njia iliyonyoka, kama mtu apigaye kasia.

Kwanza yafaa kujua jinsi nguvu ya mikono ya dereva inavyofika magurudumuni. Mhimili wa usukani huingia katika boksi la chuma lililojaa mafuta mazito. Ndani yake mna skrubu kubwa na nati, na katikati yao hupita gololi ndogo za chuma ili kupunguza msuguano. Boksi hilo huuzungusha mkono wa chuma. Mkono husukuma fimbo ya kwanza. Fimbo hiyo hufika kwenye rilei, yaani mhimili uliosimama wima ndani ya chesisi kule mbele. Rilei husukuma fimbo ya pili, nayo hulivuta gurudumu moja. Mwisho kuna tairodi, iungayo gurudumu hilo na mwenzake ili yote mawili yageuke pamoja. Fimbo ni tatu, na kila fimbo ina bolijointi mbili, moja kila ncha. Jumla ni sita.

Bolijointi ni kitu tukijuacho katika somo la viumbe: ni kama kichwa cha mfupa wa paja kilivyokaa katika nyonga. Hufunikwa kwa mpira ili grisi isitoke wala vumbi lisiingie. Mpira ukipasuka, mchanga huingia na kuisaga chuma, na kidogo kidogo pakawa na nafasi.

Je, nafasi ya nusu milimita ni kitu? Na tupige hesabu. Toka boksi hata gurudumu la kwanza kuna bolijointi nne. Kila moja ikilegea nusu milimita, jumla ni milimita 2. Tuseme mkono wa gurudumu una urefu wa milimita 150. Basi gurudumu laweza kugeuka kwa sehemu 2 katika 150 na dereva asihisi kitu mikononi. Gari lenye urefu wa mita 2.77 kati ya magurudumu, likigeuzwa kiasi hicho, hufuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 208 hivi. Mwenye kupenda hesabu atapata kwamba likienda mita 20 litakuwa limeiacha njia yake kwa karibu mita moja. Na kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, mita 20 ni sekunde moja na kitu tu. Hesabu hii niliifanya baadaye. Laiti ningaliifanya mapema!

Maana mimi sikutazama bolijointi hata moja. Nilikuwa nimesoma kwamba juu ya boksi kuna skrubu ya kurekebishia, ambayo ukiikaza ulegevu hupungua. Jioni moja, gari likiwa limeegeshwa na magurudumu yake yamekatwa upande, nikachukua spana na bisibisi nikaikaza mpaka usukani usicheze tena. Nikajisifu moyoni, wala sikumwambia mtu.

Jumamosi yake timu ilikwenda kucheza, wanafunzi tisa nyuma, nami nikiwa mmojawapo. Katika mteremko wa kwenda mtoni kuna kona. Dereva wetu, mzee wa miaka mingi barabarani, aliikata vema, kisha akalegeza mikono ili usukani ujirudie wenyewe kama desturi. Haukurudi. Gari likaendelea kukata kuelekea mtaroni, naye akauvuta usukani kwa nguvu zake zote, na gurudumu la mbele likapanda ukingo wa udongo. Tukasimama hapo. Mwenzetu mmoja alipasuka mdomo. Wengine walitetemeka tu.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi hivi?”

“Mzee, skrubu ya boksi niliikaza mimi.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Magurudumu yalikuwa yameelekea wapi ulipokaza?”

“Upande, Mzee.”

“Basi umekwisha kujibu mwenyewe.”

Akanifahamisha kwamba boksi hili limeundwa liwe na nafasi ndogo kabisa magurudumu yakinyoka, na nafasi zaidi yakikatwa. Mimi niliimaliza ile nafasi ya pembeni. Kwa hiyo usukani ulipotaka kurudi katikati, ukabanwa. Tena ulegevu wenyewe haukuwamo ndani ya boksi hata kidogo.

Matengenezo tuliyafanya pamoja siku za likizo. Tulibadili bolijointi zote sita. Ukitaka kuitoa iliyokwama, usiipige ncha yenye uzi, utaiharibu. Shika nyundo mbili, upige jicho la mkono pande zote mbili kwa wakati mmoja, nayo itaruka. Nati mpya ifungwe kwa pini yake, na pini ya zamani itupwe. Rilei ilikuwa kavu, mafuta yamevuja. Nilitaka kuifungua, Mzee akanikataza kabisa, kwa kuwa ndani mna springi iliyobanwa sana. Iachiliwapo ghafula yaweza kuvunja taya la mtu. Tukaitoa nzima, tukaweka nyingine, tukaijaza mafuta.

Ndipo tukapima magurudumu. Yapasa mbele yakaribiane kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hata 2.4. Tulitia alama ya chaki katika kila tairi, upande wa mbele, kimo cha kitovu, tukapima nafasi kati yake. Kisha tukalisukuma gari mpaka alama zikafika nyuma, kimo kile kile, tukapima tena. Tairodi ina uzi wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha ya pili. Kwa hiyo huzungushwa tu bila kufunguliwa, nayo hurefuka au hufupika. Tulirudia mara nne.

Boksi tuliliacha mwisho, magurudumu yakiwa yamenyoka sawasawa. Tuliilegeza ile skrubu, tukaikaza polepole hata ulegevu ukaisha bila uzito kuingia, tukageuza usukani mwisho huku na mwisho huku kuona kama unabana mahali.

Muuza vipuri mjini alikuwa ametushauri tufunge shokapu ya usukani, ile izuiayo mtikisiko. Ni kitu kizuri katika njia mbovu, lakini Mzee alisema isifungwe katika usukani mgonjwa, maana huficha ugonjwa. Wako pia wenye magari haya ya zamani, hasa kule Uingereza, wafungao usukani wa kusaidiwa na pampu. Sisi hatuna fedha hizo, wala sioni kwamba twauhitaji. Afadhali matairi manne ya aina moja, jambo ambalo bado hatujalipata: mbele yapo mapya, nyuma ya zamani.

Sasa gari lashika njia. Katika ile kona ya mtoni Mzee hulegeza mikono kama zamani, nami, nikiwa nyuma, hushika ubao kwa mikono miwili mpaka nione usukani umerudi.