Somo: Kuisoma Ramani ya Zamani

Ndugu Wanachama,

Wako wanaokuja ofisini na ramani kuukuu mkononi, wakitaka imalize ugomvi wa mpaka wa shamba. Basi somo letu tulichukue mbali, Shinyanga na Geita, ambako hatuna mikarafuu wala ugomvi.

Kwanza tazama mwaka, kisha kipimo. Wajerumani waliichora nchi kwa 1:300,000, yaani sentimita 1 ni kilomita 3. Humo usiitafute reli ya Shinyanga, kwani njia ya Tabora hadi Mwanza ilimalizika mwaka 1928. Wala mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940.

Baada ya Vita vya Pili Waingereza walipiga picha kutoka kwenye ndege, wakachora ramani za 1:50,000. Sentimita 1 hapo ni mita 500. Vilima, mito na njia huonekana, na ile mistari myembamba hupita mahali penye kimo kimoja. Ikisongamana, ujue mteremko ni mkali. Hata hizo zina umri wake: mgodi wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mwingine ukafunguliwa mwaka 2000.

Sasa pima mwenyewe. Mstari wa kalamu wenye upana wa nusu milimita katika ramani ya 1:50,000 hufunika mita 25 za ardhi. Kwetu hapo husimama safu tatu za mikarafuu, na ndizo hizo mnazogombania! Mwenye shauri la mpaka aje na hati yake, pamoja na wazee wanaoujua mpaka huo.

Katibu